Maaskofu na Kadhi Waliolala Stendi ya Gulu

Vyama vikuu vilivyoipokea Uganda huru mwaka 1962 vilikuwa na majina mawili mawili, la kwenye karatasi na la mtaani. DP, kilichojaa Wakatoliki, wapinzani wake walikiita "Dini ya Papa". Wenye DP nao hawakunyamaza: UPC ya Milton Obote wakaigeuza kuwa umoja wa Waprotestanti wa Canterbury. Utani huo ulichekesha barazani, lakini siku ya kura hakuna aliyecheka, maana wengi walipiga kura kama walivyobatizwa.

Kaskazini, katika nchi ya Waacholi, mpasuko huo uliingia mpaka ndani ya ukoo. Waanglikana walikuwa wamefika mwanzoni mwa karne ya 20. Wamisionari wa Kikomboni kutoka Italia wakafungua misheni Gulu mwaka 1911. Kila upande ukajenga shule zake, zahanati zake na kiburi chake. Ndugu wa tumbo moja wangeweza kuishia katika vyama viwili kwa sababu tu walisomeshwa na misheni mbili. Uislamu ulitangulia kufika huko kuliko Ukristo, ila ulipitia mlango mbaya: uliingia pamoja na misafara ya pembe na watumwa iliyoshuka kutoka Sudan katikati ya karne ya 19. Kumbukumbu za namna hiyo hazifutiki kwa kizazi kimoja wala viwili.

Ninaanza na uhasama kwa makusudi. Habari nyingi za ushirikiano wa dini huanza na picha ya padre na shehe wameshikana mikono, kana kwamba walizaliwa wakipendana. Viongozi wa dini wa Gulu na Kitgum hawakuzaliwa hivyo. Vita ndivyo vilivyowasukuma kwenye mkeka mmoja.

Jenerali Tito Okello Lutwa, Mwacholi, alimwondoa Obote madarakani Julai 1985. Desemba mwaka huohuo, mjini Nairobi, mbele ya Rais Daniel arap Moi, alitia saini mkataba wa amani na Yoweri Museveni, kiongozi wa waasi wa NRA. Mkataba haukumaliza miezi miwili. Tarehe 26 Januari 1986 NRA iliingia Kampala, na askari wa Kiacholi wakakimbilia kwao, wengine wakavuka mpaka hadi Sudan. Jeshi jipya likawafuata, na raia wakaonja kisasi. Ng'ombe, ambao ndio waliolipa mahari na ada za shule, wakaisha kwa wizi na uporaji. Kiswahili, lugha yetu hii, huko kilijulikana zaidi kama lugha ya kambi ya jeshi. Aliyekisikia usiku nje ya nyumba yake hakutoka kuitikia salamu. Agosti 1986 uasi ulianza.

Uasi ukapata nabii. Alice Auma, aliyesema amepandwa na roho iitwayo Lakwena, aliwakusanya maelfu, akawapaka mafuta wakiamini risasi hazitawaingia, akawafikisha karibu na Jinja kabla ya kushindwa mwishoni mwa mwaka 1987. Alikimbilia Kenya, akafia huko kambini mwaka 2007. Aliyebaki msituni ni kijana wa kijiji cha Odek, Joseph Kony, naye akidai kuwa na roho zake. Kundi lake, lililokuja kujulikana duniani kwa herufi LRA, lilijiita jeshi la Bwana. Kony alihubiri Amri Kumi za Mungu huku watu wake wakiwakata wanavijiji midomo na masikio. Walioponyoka walisimulia ibada zilizochanganya rozari na kusujudu. Kuanzia mwaka 1994 silaha zilimjia kutoka Khartoum, kwa serikali iliyojinadi kuwa ya Kiislamu, ikimlipiza Museveni kwa kumsaidia John Garang, kiongozi wa waasi wa kusini mwa Sudan.

Kwa hiyo dini ilikuwa imeenea vita vizima, na hakuna aliyekuwa safi wa kumnyooshea mwenzake kidole. Mkatoliki aliambiwa Kony alikulia kanisani kwenu. Mwislamu aliambiwa bunduki zinatoka kwa wenzenu. Mwanglikana wa UPC alikumbushwa maovu ya majeshi ya Obote.

Waliokuwa mawindo ya vita hivyo ni watoto. LRA ilikosa watu wa kujiunga nayo kwa hiari, ikawateka wasichana na wavulana vijijini na shuleni, ikawalazimisha kuua, mara nyingine kuua jamaa zao, ili wasiwe na pa kurudi. UNICEF ilikuja kukadiria kwamba watoto wapatao 25,000 walitekwa tangu mwanzo wa vita.

Usiku wa tarehe 9 Oktoba 1996, Uganda ikisherehekea siku ya uhuru, waasi walivamia shule ya wasichana ya St. Mary's, Aboke, katika nchi ya jirani ya Walango. Walivunja ukuta wa bweni wakaondoka na wasichana 139. Kulipopambazuka, makamu mkuu wa shule, mtawa wa Kiitaliano Sista Rachele Fassera, akiwa na mwalimu mmoja, alifuata nyayo zao porini. Aliwafikia. Alipiga magoti mbele ya kamanda, akaomba, akajitoa yeye abaki badala ya wanafunzi. Kamanda akamrudishia 109, akabakiza 30. Sista alirudi na wale 109, na miaka iliyofuata hakuacha kuwatafuta waliobaki.

Wazazi wa wasichana wale waliunda chama chao. Mmoja wao, mkunga Angelina Atyam wa mjini Lira, alizungumza hadharani kiasi kwamba waasi walimpelekea ujumbe: nyamaza, tutakurudishia mwanao. Alijibu kuwa warudishwe wote au asipewe wake peke yake. Mwanawe alitoroka mwaka 2004, baada ya karibu miaka minane msituni. Mwaka 1998 Atyam alikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Ninamtaja mama huyu kabla ya askofu yeyote kwa sababu msamaha, neno lililokuja kuhubiriwa sana na viongozi wa dini, wazazi wa Aboke walikuwa wameshalisema kwa gharama yao wenyewe.

Mwaka huohuo wa 1996 serikali iliwaamuru wanavijiji wa Acholi wahamie makambini, kwa maelezo kwamba huko watalindwa. Makambi yakawa miji ya nyasi: nyumba zimebanana, moto ukishika moja unafagia mtaa mzima, kisima kimoja kwa maelfu ya watu. Kambi ya Pabbo peke yake ilipita watu 60,000. Mkulima aliyekuwa akilisha wageni sasa alipanga foleni ya mahindi ya msaada, na ulinzi ulioahidiwa mara nyingi haukuonekana. Januari 1997, huko Lokung na Palabek, waasi waliua zaidi ya watu 400 kwa siku chache.

Kitu kimoja kilikuwa kimejaribiwa. Waziri Betty Bigombe alikutana na Kony msituni ana kwa ana, na mazungumzo yakafika mahali pa kutia tumaini, mpaka Februari 1994 Museveni alipowapa waasi siku saba wajisalimishe. Yakafa. Baada ya hapo kila aliyetamka mazungumzo alionekana ama mjinga ama mshirika wa waasi.

Hapo ndipo viongozi wa dini walipoingia, na waliingia pamoja kwa sababu yenye mantiki kuliko inavyosimuliwa. Padre akienda peke yake kuzungumza na waasi, serikali ingesema huyo ni DP. Mchungaji akienda peke yake, wangesema ni UPC. Shehe akienda peke yake, wangesema ametumwa na Khartoum. Wakienda wote, tuhuma zinakosa pa kukaa. Mwaka 1997 walianza kusali na kukutana pamoja, na Februari 1998 wakazindua rasmi Mpango wa Amani wa Viongozi wa Dini wa Acholi, unaojulikana kwa herufi ARLPI: Wakatoliki, Waanglikana, Waislamu na Waorthodoksi; Wasabato na walokole wakajiunga baadaye.

Watazame watu wenyewe. Askofu Macleord Baker Ochola wa dayosisi ya Kianglikana ya Kitgum alikuwa amempoteza binti yake mwaka 1987, aliyejiua baada ya kubakwa na waasi. Mei 1997 mkewe, Winifred, aliuawa na bomu la kutegwa ardhini. Ochola angeomba mizinga na helikopta, nani angemlaumu? Aliomba mazungumzo, na hakuacha kuyaomba.

Askofu Mkuu John Baptist Odama, aliyekabidhiwa jimbo kuu Katoliki la Gulu mwaka 1999, hakuwa hata Mwacholi. Ni mtu wa West Nile, ng'ambo ya mto, na kati ya pande hizo mbili kuna damu. Chini ya Idi Amin askari wa West Nile waliwachinja wenzao wa Kiacholi makambini. Amin alipoanguka mwaka 1979, jeshi lililojaa Waacholi likaenda kulipiza West Nile. Kwamba mtoto wa West Nile aligeuka kuwa sauti ya Waacholi duniani ni jambo ambalo mimi huliona kubwa kuliko kukaa kwake meza moja na Waanglikana. Pamoja nao walikuwa Askofu Nelson Onono-Onweng wa Kianglikana, Padre Julius Orach wa Kiorthodoksi, na Kadhi wa Acholi, Sheikh Musa Khalil. Waislamu wa eneo hilo ni wachache sana, lakini katika vita ambavyo silaha zake zilitoka Khartoum, kadhi anayesimama hadharani na kulaani mauaji alikuwa na uzito ambao hesabu ya waumini wake haiuonyeshi.

Juni 1998 waliitisha mkutano mkubwa Gulu, wakaupa jina la Kiacholi, Bedo Piny pi Kuc, yaani kuketi chini kwa ajili ya amani. Humo lilitoka dai lililowaongoza miaka yote iliyofuata: waliomo msituni wengi ni watoto wetu waliotekwa, kwa hiyo wapewe njia ya kurudi. Si kila mtu Kampala alilipenda. Lakini kwa kuwa walidai kitu kimoja kinachoshikika, sheria ya msamaha, walikuwa na cha kuwabana wabunge. Mapema mwaka 2000 Uganda ilipata Sheria ya Msamaha: yeyote aliyeshika silaha dhidi ya serikali tangu 26 Januari 1986, akiiweka chini na kuukana uasi, hatashtakiwa. Aliyerudi alipewa cheti, shilingi 263,000 za Uganda, na vitu vya kuanzia maisha kama godoro, sufuria na jembe.

Majembe na magodoro yalichelewa, mara nyingine miaka. Mwathirika aliyekatwa midomo aliona aliyemkata akipewa godoro jipya. Viongozi wa dini walilijua hilo na halikuwa na jibu rahisi. Walilazimika kuhubiri mambo mawili kwa pamoja, kwamba mtoto aliyetekwa hana hatia sawa na aliyemteka, na kwamba aliyeumizwa naye ana haki ya kufidiwa. La kwanza lilisikika zaidi kuliko la pili.

Sheria haiendi msituni yenyewe. Ilipelekwa na redio, hasa Mega FM ya Gulu iliyoanza mwaka 2002, ambayo katika kipindi chake cha kuwaita watu nyumbani iliwaweka hewani waliokwisha kurudi ili wenzao walioko porini wasikie sauti wanazozijua. Ilipelekwa pia kwa miguu. Mapadre na wazee wa jadi walikutana na makamanda vichakani, wakibeba barua na ahadi, kwa ruhusa ya jeshi iliyoweza kubadilika kabla hawajafika. Agosti 2002 mapadre watatu wa Kikomboni walikwenda mahali paitwapo Tumangu kuonana na kundi la waasi. Jeshi likavamia mkutano huo kwa risasi, na mapadre wenyewe wakazuiliwa kama watuhumiwa. Walioomba amani walishukiwa na pande zote mbili: Kony aliwaona wapelelezi wa serikali, serikali iliwaona mawakala wa Kony.

Wakati huo vita vilikuwa vimechachamaa. Machi 2002 jeshi la Uganda, kwa makubaliano na Khartoum, liliingia Sudan Kusini kuvunja kambi za LRA, operesheni iliyopewa jina la Ngumi ya Chuma. Waasi walipofukuzwa kule walirudi Uganda kwa hasira. Mei 2003 waliteka vijana 41 wa seminari ndogo ya Lacor, pembezoni mwa mji wa Gulu. Kama seminari ya Askofu Mkuu haikuwa salama, kijiji kingekuwaje?

Wazazi wakaanza kuwatuma watoto mjini kila jioni. Jua likielekea kuzama, barabara zote za kuingia Gulu na Kitgum zilijaa watoto, wadogo wameshikwa mikono na wakubwa, wengine na mdogo mgongoni, kila mmoja na blanketi au gunia kichwani. Walitembea kilomita kadhaa, wakalala kwenye varanda za maduka, uwanja wa hospitali, makanisani, na stendi ya mabasi. Alfajiri walirudi kwao. Kilele cha mambo hayo kilipofika, idadi yao ilikadiriwa kufikia 40,000 kwa usiku mmoja. Wasichana walibughudhiwa njiani. Mvua ikinyesha, walilala wamesimama.

Juni 2003 viongozi wa ARLPI waliamua kwamba matamko yametosha. Odama, Ochola, Onono-Onweng, Sheikh Musa Khalil na wenzao walitembea jioni pamoja na watoto hadi stendi ya Gulu, wakatandika chini, wakalala. Walifanya hivyo siku nne mfululizo. Asubuhi walikwenda kwenye shughuli zao, jioni wakarudi. Hakukuwa na kamera nyingi usiku wa kwanza, zilikuja baadaye.

Kuna wanaoliona tendo hilo kuwa maonyesho. Siku nne tu, watasema, kisha kila mmoja akarudi kitandani kwake, watoto wakabaki. Ni kweli. Lakini tazama lilivyofanya kazi. Kabla yake, Kampala iliweza kusema kaskazini kuna wahalifu wachache wanaomaliziwa. Baada yake serikali ilipaswa kueleza kwa nini maaskofu na kadhi wanalala sakafuni katika mji wenye makao ya divisheni ya jeshi. Novemba mwaka huo Jan Egeland, mkuu wa misaada ya dharura wa Umoja wa Mataifa, alikwenda kaskazini, akatoka akitangaza kwamba hilo ndilo janga kubwa lililosahauliwa kupita yote duniani. Msaada wa chakula na wafanyakazi wa mashirika ukaongezeka. Mwaka 2004 ARLPI ikapewa Tuzo ya Amani ya Niwano huko Japani, inayotolewa na taasisi iliyoanzishwa na Wabudha. Wabudha wa Tokyo waliwatuza Wakristo na Waislamu wa Gulu. Kony hakuwasha redio kusikia.

Mauaji hayakukoma. Februari 2004 waasi waliteketeza kambi ya Barlonyo karibu na Lira, na mamia wakafa. Julai 2005 utafiti wa Wizara ya Afya ya Uganda na washirika wake ulionyesha kwamba katika wilaya za Gulu, Kitgum na Pader walikuwa wakifa watu wapatao 1,000 kila wiki zaidi ya wale ambao wangekufa katika hali ya kawaida, wengi wao kwa malaria, UKIMWI na magonjwa ya kambini. Bunduki ziliua wachache kuliko makambi. ARLPI ilikuwa imeyasema hayo tangu mwaka 2001, ilipochapisha ripoti juu ya wakazi wa makambi ikidai waachiwe warudi makwao, na serikali iliipokea kwa ubaridi.

Kisha ukaja mgogoro uliowaingiza viongozi hawa kwenye ubishi na marafiki zao wa ng'ambo. Desemba 2003 Museveni aliipeleka kesi ya LRA kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Oktoba 2005 hati za kuwakamata Kony na makamanda wanne zikatangazwa. Wanasheria wa haki za binadamu walishangilia. Gulu walishtuka: tumewaambia watoke watasamehewa, na sasa dunia inasema wakitoka watafungwa. Machi 2005 ujumbe wa Waacholi, wakiwemo viongozi wa dini, ulikuwa umekwenda The Hague kumwomba mwendesha mashtaka Luis Moreno Ocampo asiharakishe. Badala ya gereza, walipendekeza mila ya mato oput, ambapo koo mbili zilizoingiwa na damu hukiri, hulipana fidia na kunywa pamoja mchanganyiko mchungu wa mizizi ya mti wa oput.

Hapa siwaungi mkono moja kwa moja. Mato oput iliwahusu watu wa koo zinazojuana; haikuundwa kwa kamanda aliyeua mamia asiowajua, tena wengine Walango na Wateso wasio na mila hiyo. Baadhi ya walokole waliikataa kuwa ni mizimu. Wanawake waliozalishwa msituni hawakuonekana sana kwenye meza iliyojaa maaskofu, mashehe na machifu, wote wanaume. Waathirika walipohojiwa, wengi walitaka msamaha na adhabu kwa pamoja, kila kimoja kwa anayestahili. Wakuu wa dini walipenda kusema kwa niaba ya "watu wetu", na watu wao walikuwa na sauti nyingi kuliko walivyokiri.

Hata hivyo ushirika huo wa miaka minane ulizaa njia. Mazungumzo ya amani kati ya serikali na LRA yalipofunguliwa Juba, kusini mwa Sudan, Julai 2006, Riek Machar akiwa msuluhishi, viongozi wa dini na wa jadi walikuwemo wakishuhudia, na Odama alikuwa miongoni mwa waliofunga safari hadi Ri-Kwangba, mpakani mwa Sudan na Kongo, kumwona Kony. Tarehe 26 Agosti 2006 pande mbili zilisaini kusitisha mapigano. Bunduki zikanyamaza kaskazini mwa Uganda, na watoto wakaacha kutembea usiku. Kidogo kidogo makambi yalianza kupungua, kwanza vijana wakienda kufyeka mashamba, kisha wazee.

Makubaliano ya mwisho yalikuwa tayari mwaka 2008. Aprili Kony alisubiriwa Ri-Kwangba asitokee. Novemba akasubiriwa tena, wazee na maaskofu wakiwa wamekaa porini, asitokee. Tarehe 14 Desemba 2008 ndege za Uganda zilishambulia kambi zake katika mbuga ya Garamba, Kongo. Zilimkosa. Waasi waliotawanyika waliwavamia wanavijiji wa Faradje, Doruma na kwingineko Haut-Uele wakati wa Noeli, na kabla Januari haijaisha walikuwa wameua zaidi ya watu 800. Wakongo hawa hawakuwa na chao katika ugomvi wa Kampala na Gulu. Amani ya Waacholi ilipatikana kwa vita kuhamia kwa jirani, na chombo kilichobeba jina la Acholi hakikuwa na mkono mrefu wa kufika huko.

Kwa hiyo anayesema viongozi wa dini walimaliza vita vya Kony amekosea. Khartoum ilipunguza msaada wake baada ya amani ya Sudan ya mwaka 2005. Jeshi la Uganda lilibana. Hati za ICC huenda zilimsukuma Kony kuja Juba na huenda zilimzuia asisaini. Walichofanya viongozi hao ni kingine. Zaidi ya watu 26,000 kutoka makundi mbalimbali ya waasi walipata cheti cha msamaha, karibu nusu yao wakiwa wa LRA. Kila mmoja wao ni bunduki iliyotoka vitani bila kupigwa risasi, na wengi walirudi kwenye vijiji ambavyo mchungaji, katekista au imamu alikuwa ameshawaandaa watu kuwapokea.

Makambi yalipofungwa, watu walirudi wakakuta mipaka ya mashamba imemezwa na pori na wazee walioijua wamekufa. Kesi za ardhi ndizo zikawa kazi mpya ya ARLPI. Hazina kamera, na kwa maoni yangu ni ngumu kuliko kulala stendi, maana hapo anayedai si mwasi wa msituni bali ni muumini wako wa Jumapili au wa Ijumaa.

Swali la msamaha nalo halikuisha. Mei 2012 serikali ilikiacha kipengele kinachotoa msamaha kife. Viongozi wa dini na wa jadi wa kaskazini walipinga, na Mei 2013 kikarejeshwa. Lakini si kwa wote. Dominic Ongwen, aliyetekwa akiwa mtoto akielekea shuleni na kukulia msituni hadi kuwa kamanda, alihukumiwa na ICC miaka 25 jela mwaka 2021. Thomas Kwoyelo, naye aliyetekwa angali mtoto, alikamatwa Kongo mwaka 2009, akaomba msamaha uleule waliopewa maelfu ya wenzake, akanyimwa. Oktoba 2024 Mahakama Kuu ya Uganda, ikikaa Gulu, ilimhukumu miaka 40.